Gurudumu la Mkunga Jovina

Mwaka Jovina alipokabidhiwa pikipiki, watu wa Kirushya walikuwa bado wanazozana juu ya shamba la kijiji. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewatoa kwenye migomba ya baba zao na kuwapanga kando ya barabara, na wengi walikuwa wakirudi kwa kificho kukata ndizi walizoziacha nyuma. Zahanati ndiyo kitu pekee ambacho hakuna aliyekilalamikia. Ilikuwa na vyumba viwili, paa la bati na mkunga mmoja.

Mkunga huyo alikuwa Msubi wa Biharamulo, aliyejifunza kazi kwa masista kabla ya kuolewa na Ansbert, mkulima wa Kihangaza mwenye maneno machache. Wanawake walimcheka kwa jinsi alivyotamka Kihangaza chao, lakini uchungu ulipowashika walimwita yeye. Vitongoji vilikuwa mbali, na milima haikwisha. Ndiyo maana wafadhili, kupitia parokia, walimletea pikipiki.

Siku ya makabidhiano, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Ndugu Privatus, aliwaeleza watu masharti. Duka la Mwanza lililoiuza lilikuwa limetoa dhamana ya mwaka mmoja. Chombo kikiharibika chenyewe, duka litakitengeneza bure. Kikichokolewa na fundi wa nje, dhamana imekufa. Privatus aliyasema hayo mara mbili, kwa sababu wakati ule kupata kipuri ilikuwa kama kuomba mvua kiangazi.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha jiwe lilipasua tairi la mbele, na parokia ikatoa jingine. Aliyelivisha alikuwa Ndikuriyo, Mrundi aliyekimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili, ambaye alikuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko. Tangu siku hiyo usukani ulianza kutetemeka kila Jovina alipoongeza mwendo.

“Tairi hili lina upande mzito,” Ndikuriyo alimwambia. “Gurudumu halina balansi.”

Alilifungua, akalining’iniza kwenye ekseli yake katikati ya viti viwili, akalizungusha kwa kidole. Kila liliposimama, upande uleule ulikuwa chini. Akachukua waya wa risasi, ile laini ya kuchomelea, akauviringisha kwenye spoku za upande wa juu, akapunguza, akaongeza, mpaka gurudumu likawa linasimama popote unapoliachia.

“Wako wanaotia maji ndani ya tyubu,” alisema akifuta mikono. “Wengine mchanga. Bwana shamba mmoja nilimkuta na mchanga. Ukienda, mchanga nao unakwenda unakotaka. Risasi inakaa ulipoifunga.”

Jovina aliondoka siku hiyo akishika usukani kwa vidole tu, akajikuta anaimba.

Kabla mwaka wa dhamana haujaisha, injini ilianza kufuka moshi mzito na gia ya pili ikawa inaruka. Hilo lilikuwa jambo la duka, na wote walifurahi kwamba limetokea mapema. Mkaguzi wa duka alitarajiwa Biharamulo kukagua pikipiki za serikali, na Privatus akapanga lori la ushirika liipeleke ile ya zahanati. Alipokuwa anaizunguka kuitazama, akaona risasi.

“Hii ni nini?”

“Balansi,” Jovina akamjibu. “Bila hiyo inatetemeka.”

“Mkaguzi akiiona atasema pikipiki imechokolewa.”

“Ndugu Mwenyekiti, injini na gurudumu wapi na wapi?”

“Mimi na wewe tunajua hivyo. Lakini anayeamua ni yeye. Akitukatalia, injini hii tutaitengeneza na nini? Itolewe. Akishakagua, itarudishwa.”

Privatus hakuwa mtu mbaya. Mke wake mwenyewe alikuwa amejifungulia mikononi mwa Jovina. Aliogopa tu kuipoteza dhamana, na hofu ile ilimwingia Jovina pia. Ndikuriyo aliitwa. Alisikiliza, akamtazama Jovina kana kwamba anamngoja aseme neno. Jovina akasogea kumpisha. Basi fundi akapiga magoti, akaifungua risasi yote, akaiweka kwenye kopo.

Biharamulo walimkosa mkaguzi. Petroli ilikuwa imekosekana Mwanza, wakaambiwa, warudi mwezi ujao, na pikipiki isiguswe na fundi yeyote. Lori likageuka. Ndikuriyo alipoona wamerudi, alikuja zahanati na kopo lake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Nirudishe?”

Jovina alilitazama kopo, akamkumbuka mwenyekiti.

“Subiri kidogo,” akasema. “Mwezi si mrefu.”

Ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Mchana mmoja Anastazi, kijana wa familia ya Kinyarwanda iliyolowea kitongoji cha Kibimba, alifika zahanati akikimbia, shati limemganda mgongoni. Mkewe Speciose alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Jovina alikuwa amemwambia Speciose aje kukaa karibu na zahanati mapema, lakini maharage yalikuwa yanapasuka shambani na mikono ya kuvuna ilikuwa michache.

“Mtoto ametanguliza nini?” Jovina aliuliza.

“Mama yangu anasema mguu.”

Jovina alichukua mkoba, akampakia Anastazi nyuma, wakaondoka. Kwenye tambarare alikwenda polepole na usukani ukatulia. Lakini mguu uliotangulia hauna subira. Kwenye mteremko wa kushukia kijito aliachia mwendo, na gurudumu likaanza. Kwanza lilitetemeka, kisha likapiga huku na huku kama mbuzi anayekataa kamba. Alifunga breki. Akasikia Anastazi anapiga kelele, akaona mbingu, kisha udongo.

Alipoinuka, mkono wa kulia haukuinuka naye. Bega lilikuwa limeshuka. Anastazi alikuwa amechubuka uso lakini anasimama.

“Chukua mkoba,” Jovina alimwambia. “Nifunge mkono na kanga hii, twende.”

Walikwenda kwa miguu, wakapanda mlima wa pili. Kila hatua ilimtia kizunguzungu, na mara mbili alitapika kando ya njia. Alipoingia ndani ya nyumba, Speciose alikuwa ameshaishiwa nguvu za kulia. Mtoto alikuwa ametoka mpaka mabegani, kichwa kimebaki. Jovina alijua la kufanya. Alikuwa amelifanya mara nyingi, kwa mikono miwili. Sasa alimwelekeza bibi, mama yake Anastazi, mahali pa kushika, yeye akisaidia kwa mkono wa kushoto. Bibi alikosea, akarudia. Kichwa kilipotoka, kilikuwa kimechelewa. Alikuwa mtoto wa kike, mzima wa viungo vyote, na hakulia.

Jioni ileile vijana walimrudisha Jovina kwa ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, na kesho yake alipelekwa hospitali kufungwa bega. Ansbert alimlisha kwa mkono wake wiki nzima.

Mkaguzi alifika hatimaye, safari hii Kirushya kwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ovaroli safi. Aliona rimu iliyopinda, akatikisa kichwa. “Hii imeanguka. Dhamana haihusiki na ajali.” Injini hakuifungua hata kidogo. Kisha akalizungusha lile gurudumu, akaonekana kushangaa. “Mbona halina balansi? Hamkulifunga risasi?”

Privatus akamwambia kwamba waliitoa ili wasivunje dhamana.

“Nani aliwaambia?” mkaguzi akauliza, bila ukali. “Risasi kwenye spoku ni matunzo. Sisi wenyewe tunafunga. Mngetia mchanga ndani, hapo ningekataa.”

Jovina alikuwa amesimama mlangoni, mkono umening’inia kifuani. Aliingia ndani akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akabaki hapo mpaka gari la mkaguzi lilipoondoka.

Habari haikukaa kimya, lakini njiani iligeuka. Kilichofika sokoni ni kwamba yule mkimbizi aliharibu gurudumu. Na miezi ile haikuwa mizuri kwa mgeni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba majeshi ya Amin yamevuka mpaka huko kaskazini, malori ya askari yalikuwa yakipita, vijana wa mgambo wanaitwa kwa majina, na kila mwenye lafudhi ngeni anaulizwa ametoka wapi. Mgambo walimhoji Ndikuriyo asubuhi nzima kuhusu vyuma vyake.

Kwenye mkutano wa kijiji mtu alisimama akadai fundi yule afukuzwe. Jovina aliomba kusema.

“Ndikuriyo alilitengeneza gurudumu nikaipanda pikipiki miezi yote salama. Tulimwamuru sisi aitoe risasi. Alipotaka kuirudisha, mimi nilimwambia asubiri. Kama kuna wa kufukuzwa, anzeni na mimi.”

Watu walimtazama Privatus. Akainuka na kofia yake mkononi, akasema kwa sauti ndogo, “Ni kweli.” Mkutano ukahamia kwenye michango ya ng’ombe na maharage kwa ajili ya askari.

Ndikuriyo aliondoka hata hivyo, kwenda kwenye makazi ya wakimbizi kule Tabora, alikokuwa na ndugu. “Sikukasirikii, mama,” alimwambia Jovina walipoagana. “Nimechoka tu kuulizwa.” Jovina akampa ndizi za safari. Serikali ilipokusanya vyombo vya moto kwa ajili ya vita, waliokuja waliitazama pikipiki ya zahanati, wakaiacha hapohapo.

Vita viliisha. Bega liliunga vibaya, na Jovina aliendelea kuvizungukia vitongoji kwa miguu. Kibimba alikwenda kila zamu yake ilipofika. Speciose alimsalimia kwa heshima, akarudi kwenye kazi zake.

Mimba nyingine ilipoingia, Speciose hakumwambia. Jovina aliiona mwenyewe. Siku moja Anastazi alikuja zahanati, akasimama mlangoni akizungusha fimbo.

“Mama mkunga, mke wangu ameamua kwenda kujifungulia hospitali. Nimekuja kukueleza, usisikie kwa watu.”

“Ameamua vizuri,” Jovina akajibu. “Mpeleke mapema. Maharage yaache.”

Alimwandalia pamba na sabuni za kuchukua, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi, wanawake walikuwa wameshajipanga kwenye benchi na watoto migongoni. Akaosha mkono wa kushoto, akautumia kuuinua ule wa kulia kwenye maji, akamwita wa kwanza.