Mfasiri wa Filamu za Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda Hamriya, mtaa wetu wa zamani hapa Maskati, kuchukua nguo ya binti yangu kwa fundi cherehani. Fundi hakuwa amemaliza, kama ilivyo desturi ya mafundi wote duniani, nikaona nitembee kidogo. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka kwenye kona lilipokuwa duka la kanda za video. Sasa panauzwa makava ya simu. Muuzaji akaniuliza kwa heshima simu yangu ni ya aina gani, nikamwambia natazama tu. Alinishangaa, na ningemweleza nini? Kwamba pale alipotundika chaja ndipo nilipochagulia filamu zote za utoto wangu?

Basi nisikilize wewe, maana wewe una nafasi.

Tulikaa fleti ya orofa ya pili, hatua chache kutoka dukani: baba, mama, bibi mzaa baba, na sisi watoto watatu, mimi mkubwa. Likizo ya baridi ilikuwa wiki mbili. Baridi ya Maskati unaijua, haina ubaya na mtu, lakini mama alituvisha soksi na sweta kama tunakwenda kupanda mlima. Kila Alkhamisi baba alituruhusu kanda tatu, zote za Kihindi, zenye maandishi ya Kiarabu chini.

Filamu ilianza baada ya sala ya alasiri. Bajia zimeshakaangwa, chai ya tangawizi imo kwenye chupa, na harufu ya mafuta imeshika mapazia. Adhana ya magharibi ilitukuta katikati kila siku, kwa sababu filamu zile zilikuwa ndefu kuliko subira ya mtu. Hapo deki lilisimamishwa, na bibi akatandaza kanga yake juu ya televisheni. "Wasitutazame tukisali," alisema. Tukasali, na nyuma ya kanga yule mrembo amebaki mdomo wazi akitungoja. Nakiri kwamba sala zangu za likizo zilikuwa za haraka.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi, na Kiswahili kilikuwa kinanitoka. Shuleni Kiarabu, kwenye ngazi na wenzangu Kiarabu, na mwalimu alikuwa amewaambia wazazi wangu kwamba mtoto akichanganya lugha hafiki mbali. Bibi akiniuliza jambo, namjibu kwa Kiarabu. Kiarabu chake yeye kilikuwa cha sala na dua. Cha maongezi kilimpita. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, bila hata kuteremsha sauti, "Huyu mtoto ananipotea nami namtazama. Kesho nikiugua, ntasema na nani?" Nilijifanya sikusikia.

Likizo ilipoingia akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayemsomea filamu. "Macho yangu hayafuati maandishi yale, na huyo Kiarabu mwenyewe hatujuani. Kaa hapa, nambie kila wanalosema." Akanionyesha mahali kwenye mkeka, karibu na goti lake.

Sisemi kwa kujisifu. Au tuseme ndiyo, najisifu: siku tatu za mwanzo nilikuwa mfasiri mbovu, na baada ya hapo sikuwa na mfano. Nikikwama, bibi hakunipa neno. Alingoja, goti lake likinisukuma bega.

"Huyu dada mtu ana nini?"

"Ana... ana hasad, bibi."

"Sema sawa."

"Anamwonea mwenzake kijicho."

"Haya, endelea."

Filamu zile zilikuwa darasa zuri kuliko lolote, kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayeomba chumvi. Watu wanaapa, wanaposa, wanafitinisha, wanalaaniana, kisha wanaombana radhi. Kufika wiki ya pili nilikuwa na maneno ya mtu mzima aliyekwisha kuolewa mara mbili.

Maoni yangu juu ya filamu zenyewe hayajabadilika mpaka leo. Mashujaa sikuwapenda; mtu anayepiga wenzake kumi na wawili na nywele zake zisivurugike hanihusu. Niliwapenda wabaya, kwa sababu wao walau wana mipango. Bibi aliwapenda mama wakwe, akisema ndio peke yao wanaofanya kazi filamu nzima. Zikifika nyimbo za mvua sote tulinyamaza, watu wa Maskati tukiyatazama maji yale yanavyopotea bure. Mara nyingine bibi alicheka kabla sijafungua mdomo. Nilidhani anazicheka sura zao.

Kisha ikaja kanda ya mama maskini aliyemtoa mwanawe kwa tajiri ili asife njaa. Mtoto akakua, hamjui mamaake. Tulipofika pale mama yule anapoanza kuugua, adhana ikaadhiniwa. Baada ya sala, mama yangu akanivuta jikoni. Bibi alikuwa ametoka hospitali siku chache tu kabla ya likizo. Presha ilimpanda, na daktari alisema asihuzunishwe.

"Yule mama atakufa," mama akaninong'oneza, "hilo halihitaji mganga. Ukifika hapo angalia unavyosema. Bibi yako asilie."

Nikarudi kwenye mkeka. Kanga ikaondolewa. Haukupita muda, mama wa kwenye filamu akafumba macho, na mwanawe akapiga ukelele.

"Kafanya nini?" bibi akauliza.

"Kazimia, bibi. Daktari anasema kesho ataamka."

"Na hawa mbona wanalia?"

"Furaha. Mwana keshamjua mamaake."

Kwa bahati mbaya filamu haikuishia hapo. Walitoka wote wamevaa nyeupe, kuni zikapangwa, na mwana akawasha moto. Wadogo zangu wakanigeukia. Mama akawakata jicho.

"Moto wa nini?"

Harusi zao nilikuwa nimeshaziona nyingi, maharusi wakizunguka moto. "Wa harusi, bibi. Yule mwana anaoa."

"Na bi harusi yuko wapi?"

"Ndani. Bado anapambwa."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Maskini, watamchelewesha," akasema, akaomba chai.

Asubuhi yake alikuja jirani wa orofa ya tatu, shoga yake bibi, mtu wa Unguja kama yeye. Nikaingia na sinia ya kahawa na tende, na kinachosimuliwa ni nini kama si filamu ya jana? Bibi alikuwa amefika kwenye harusi.

"We shoga, harusi gani?" jirani akaruka. "Mama keshakufa yule! Wamemchoma kwa kuni! Wallahi mimi nimelia mpaka leso imerowa."

Nikaiweka sinia chini. Nilijua yamekwisha. Bibi hataniamini tena, mahali pangu kwenye mkeka patapewa mdogo wangu, na tutarudi kule kule, yeye na lugha yake na mimi na yangu.

Bibi akachukua kikombe chake, akapuliza.

"Wewe umeiona kwa Kihindi," akasema. "Mimi nimeiona kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili hajafa."

Jirani alipoondoka bibi akaniita. "Kihindi nnakijua tangu kabla baba yako hajazaliwa," akaniambia. "Unguja, siku ya wanawake peke yao, tukijazana sinema, na kurudi tukiimba njia nzima, na maana yake twaijua."

"Sasa mbona ukanisomesha filamu zote zile?" Nilikuwa na hasira, na aibu, na machozi yako karibu.

"Jana umenidanganya robo saa nzima, wala hukutia neno moja la Kiarabu. Mtu hadanganyi kwa lugha asiyokuwa nayo." Akanivuta kichwa, akakiegemeza kwenye goti lake. "Sasa nikiugua, nna wa kusema naye."

Aliugua, miaka mingi baadaye, mimi nimekwisha kuolewa, na ilikuwa baridi vilevile. Daktari alikuja na Kiingereza chake, akazungumza taratibu, akainamisha kichwa. Bibi akanigeukia. "Anasema nini?" Nikawa natafuta pa kuanzia. Akanyanyua kidole kimoja, na macho yake yanacheka. "Kwa Kiswahili," akasema.

Nikamwambia bi harusi bado anapambwa.

Namkosa bibi yangu, na silionei haya neno hilo. Siku hizi tunakaa Al Khoudh, pembezoni mwa Maskati, nyumba kubwa, vyumba vya kutosha, na likizo ya baridi kila mtoto ana kioo chake na vidude vyake masikioni. Filamu moja inasema lugha kumi kwa kubonyeza tu, na katika orodha yetu Kiswahili hakimo. Adhana inaadhiniwa, filamu zinasimama kimya kimya chumba kwa chumba, na hakuna anayetafuta kanga ya kufunikia kitu. Jirani wa orofa ya tatu hayupo. Hata bajia tunaziagiza.

Siku ile niliporudi kutoka Hamriya nilitandika mkeka sebuleni, nikamwita binti yangu wa miaka kumi, nikaweka filamu yenye maandishi ya Kiingereza, nikavua miwani. "Macho yangu hayafuati maandishi," nikamwambia. "Nambie kwa Kiswahili wanasema nini." Alinitazama kwa shaka, maana anajua mama yake anafanya kazi kwa Kiingereza kutwa. Lakini akakaa karibu na goti langu, akaanza, akikwama kila neno la tatu. Sikumpa hata moja.

Karibu na mwisho kulikuwa na mzee kitandani, na mzee akafumba macho. Binti yangu aligeuka kwanza, akanitazama usoni. 

"Kalala, mama," akasema. "Kachoka na safari."

Nikatikisa kichwa polepole, nikaomba chai.