Siku Baba Alipopima Mlima

Mwaka wa kwanza wa vita, wakati vilipokuwa bado ni habari za redio kutoka kaskazini, baba yangu aliamua kupanda mlima. Hakuwa mtu wa milima. Alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, mwenye kibaraza mbele ya duka la vitenge, na tangu ujana wake alikuwa akiutazama mlima wa Kigali uliosimama nyuma ya mtaa wetu, na migongo yake iliyofunikwa na mikaratusi. Kinyozi wa jirani alishikilia kwamba mgongo wa mbele ndio mahali pa juu kabisa katika komine yetu, yaani wilaya yetu. Baba alisema hapana, ni ule wa nyuma, ila ukiwa huku chini unadanganyika. Walibishana kwa raha, kama watu wanavyobishana juu ya mpira, hadi baba akatangaza kwamba Jumapili atakwenda kujionea mwenyewe.

Mama hakupenda kabisa. Miezi ile watu walikamatwa kwa kutajwa tu. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alichukuliwa kwa sababu alikuwa na redio kubwa. Aliporudi alikuwa amekonda, na hakumsimulia mtu. Neno ibyitso, yaani wasaidizi wa adui, lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Na kitambulisho cha baba kiliandikwa kabila ambalo mwaka ule halikumfaa mwenye nalo.

Mama aliniita jikoni. "Nenda naye," alisema. "Mzee akiwa na binti yake hawatamdhania vibaya."

Nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nikimsaidia baba kutia vifungo na kukunja pindo. Nilikubali.

Tuliondoka asubuhi, baba amevaa koti lake la sikukuu. Alibeba mkate na chupa ya kioo yenye maji nusu, ambayo hakutaka tuyanywe. Nyumba zilipokwisha tukaingia msituni. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, majani makavu ya mikaratusi yakiteleza chini ya miguu, na harufu yake kali ilinikumbusha dawa ya mafua. Baba alikwenda mbele akizungumza bila kupumzika. Mimi nilikuwa nasikiliza kila kitu isipokuwa yeye. Tawi likivunjika, nasimama. Tulikutana na wanawake waliobeba kuni. Tuliwasalimu, wakaitikia, kisha wakageuka kututazama. Nilijiuliza watamwambia nani.

"Baba, turudi. Utamwambia kinyozi umefika."

"Nimdanganye? Kwa jambo la mlima?"

Tulipofika juu ya mgongo wa mbele, alitafuta mahali penye uwazi kati ya miti, akainua chupa hadi usawa wa jicho. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake. Maji yakitulia hulala sawasawa, kwa hiyo ukitazama juu ya usawa wake ukaona kilele kingine kimepita juu ya maji, kile ni kirefu kuliko hapo uliposimama. Alifumba jicho moja, akashusha pumzi, akanyoosha mkono. Nilimwona jinsi mtu wa mbali angemwona: mwanamume msituni, jicho moja limefumbwa, analenga kitu.

"Simama hapo hapo!"

Wanajeshi watatu walitoka kwenye miti. Mkubwa wao alikuwa kijana, labda hakunizidi umri kwa miaka mingi. Alichukua chupa, akainusa, akaimwaga.

"Unapima nini?"

"Mlima, afande."

"Unampimia nani?"

"Mimi ni fundi cherehani. Kila siku napima watu. Leo nimetaka kupima mlima."

Kama angejibu vingine! Mmoja wa askari alicheka, lakini mkubwa wao hakucheka. Alitaka vitambulisho. Alisoma cha baba polepole, akamtazama usoni, akakisoma tena. Kisha akamwambia atangulie, wakaingia naye msituni. Mimi niliamriwa kukaa chini, mikono kichwani, nikilindwa na yule aliyecheka.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Jua lilihama kutoka begani hadi usoni. Mahali fulani bondeni mtu alikuwa akikata mti, na kila shoka lilipogonga nilishtuka nikidhani ni risasi. Nilijaribu kusoma dua, nikajikuta narudia neno lile lile. Askari aliniuliza kama ni kweli baba hushona. Nikamwambia sare nyingi za watoto wa shule pale mtaani ni kazi yake. Akatazama pindo la suruali yake lililofumuka.

Baba alirudi akitembea peku. Koti halikuwepo. Shavu moja lilikuwa limevimba.

"Shukeni," alisema mkubwa wao. "Msigeuke nyuma. Nikikuona tena huku, mzee, hutashuka."

Tulishuka. Miguu ya baba ilichomwa na vijiti, nikataka kumpa ndala zangu, akakataa. Tulipoziona paa za kwanza za mabati akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni ule wa nyuma. Niliuona kabla hawajaja."

Niliwaka hasira. Halafu nikaona kidevu chake kinatetemeka, hasira ikaisha yote.

Mama alipasha maji, akamkanda shavu na kumwosha miguu, kisha akafunga madirisha ingawa ilikuwa mchana. Tangu siku hiyo gari lolote likipunguza mwendo mbele ya nyumba tulinyamaza wote. Baba alirudi kibarazani wiki iliyofuata, lakini alikuwa akiinua kichwa kila mtu alipopita, na mara mbili alijichoma sindano, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wateja walipomuuliza kuhusu shavu alisema ni jino.

Hakuna aliyekuja kumchukua. Lakini wakati ule hatukujua kwamba hawatakuja. Mimi nikawa namsindikiza kila mahali, sokoni, kwa wagonjwa, hata msikitini siku ya Ijumaa, ambako nilisimama ng'ambo ya barabara na kuitazama milango yake hadi nimwone ametoka.