Utomvu wa Manjano kwenye Panga la Tata

Harufu ya panga linalopashwa moto bado hunisimamisha njiani. Si harufu mbaya. Ni chuma na utomvu mkavu unaoungua, na siku hizi kule kwetu Kamachumu kila nyumba inayo, maana haingii mtu kibanjani, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kukata mgomba kabla ya kulipitisha panga motoni. Nilipokuwa na miaka kumi hakuna aliyefanya hivyo. Panga lilikuwa moja, la Tata, baba yangu, likining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na jirani aliyepungukiwa alikuja kuliazima. Kila asubuhi kabla ya chai Tata alipita mgomba kwa mgomba, akitoa majani makavu na kupunguza machipukizi. Waliokwenda kanisani Jumapili walisimama njiani kukitazama kibanja chetu. Yeye alijifanya hawaoni, lakini siku hiyo chai aliinywa huku akiimba.

Mama Adelina, mjane aliyepakana nasi, aliniomba jioni moja nimkatie mkungu. Nikalichukua panga bila kuomba. Mkungu ule ulinishangaza: ndizi zilikuwa bado changa lakini nyingine zimeshaiva, na majani ya mgomba wenyewe yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nilipokata, ukatoka utomvu wa manjano, mzito kama uji, ukanirukia kwenye shati la shule. Nikalipangusa panga kwa nyasi na kulirudisha mahali pake. Shati nikalisukumia chini ya godoro, kwa sababu utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo hakuna sabuni inayouweza. Kesho yake, Jumapili alfajiri, Tata akaingia kibanjani na panga lilelile.

Siku mbili baadaye mwalimu wetu wa sayansi alituuliza ni nani aliyewahi kupanda mbegu ya ndizi. Tukacheka. "Mnacheka, lakini hamjajiuliza," akasema. "Chipukizi si mtoto. Ni mama yuleyule amejirudia. Migomba yote ya aina moja huko kwenu ni mgomba mmoja wenye mashina mengi. Kinachoua mmoja kinaweza kuua yote." Kisha akachora panga ubaoni. Akasema kuna ugonjwa unaitwa mnyauko, na vijidudu vyake, visivyoonekana kwa macho, husafiri juu ya panga kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, na kwamba moto huviua. Akataja dalili zake: majani kulegea, ndizi kuiva kabla ya wakati, utomvu wa manjano. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nikiliwaza shati lililo chini ya godoro.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa; mama hunitania kwamba nilitoka tumboni nikiangalia nyuma. Lakini hofu ya majuma yale sijaipata tena. Niliogopa kukiua kibanja, na niliogopa zaidi kumwambia Tata, kwa kuwa angejua ni mimi. Nikalisokomeza panga kwenye moto wa jikoni, mpini ukashika moto, nikapigwa kofi na mama. Kila asubuhi niliamka nikahesabu majani. Nilipoona jani limeinama nilikimbilia kulishika, nikakuta ni umande tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi, nikishindwa hata kumeza matoke.

Wiki ya tatu mgomba ulio kando ya kaburi la babu ukalegea. Kisha wa pili, kisha safu nzima. Bwana shamba alikuja, akasema tung'oe yote na kuifukia. Tata aling'oa kwa siku nne bila kuimba. Msimu ule tulikula ugali, chakula ambacho Tata alisema tumbo lake halikitambui, na hakuna aliyecheka.

Sasa naishi Bukoba mjini, na Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani kama kawaida yetu. Kibanja kimesimama tena, kimetokana na machipukizi safi, mgomba mmoja wenye mashina mengi. Nilimkuta Tata mlangoni pa kibanja akigeuza panga motoni. Sijui nini kilinisukuma.

"Tata, ule mnyauko niliuleta mimi."

"Najua, mwana wange," akasema, hata hakuinua macho. "Mama yako alilikuta shati. Bwana shamba alipotueleza, tukaelewa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa huli, hulali. Tungekuongezea nini?" Akalitoa panga motoni, akalitazama. "Halafu Jumapili ile asubuhi mimi mwenyewe niliuona utomvu wa manjano umekauka kwenye panga. Nikajua si wa migomba yetu. Nikaukwangua kwa kucha, nikaendelea kukata, kwa sababu watu wangepita kwenda kanisani."

Mjukuu wake wa miaka sita, binti yangu, anajua kwamba panga huanzia motoni. Kwake ni jambo dogo kama kunawa mikono. Mimi na Tata tulilijua kwa gharama ya kibanja kizima, na tulibeba hatia moja miaka yote hiyo, kila mmoja bila kumwambia mwenzake. Akanipa panga likiwa bado na joto. Nikaingia kukata, naye akanifuata nyuma akinionyesha majani niliyoyaruka.