Mipini ya Nusaiba

Cherehani ya Nusaiba haikuwa na kichwa. Alikifungua mwenyewe, akakihifadhi juu ya kabati, na pahali pake akafunga gurudumu la viraka vya kanga alivyovishona pamoja vikawa vinene kama mkate wa kumimina. Ukikanyaga pedeli, gurudumu lazunguka. Hapo ndipo aliposugulia mipini ya visu, kibarazani kwake Wete, mbele ya macho ya mtaa mzima, na mtaa ule haujapata kuona jambo ukalinyamazia.

Mipini yenyewe ilikuwa ya titaniamu, chuma chepesi kisichojua kutu. Kaka yake Nassor alifanya kazi kwenye karakana huko Maskati, na kila akija likizo alileta masalio yaliyokwisha kukatwa, yakiwa na kingo kali na rangi ya jivu. Nusaiba aliyapenda tangu siku ya kwanza. Visu vya Pemba haviishi makali, huoza mpini. Maji ya chumvi yakiingia kwenye mti, kwisha habari yake. Basi mhunzi alimfulia visu, naye akavivisha mipini isiyooza.

Mumewe, Mgeni, muuza samaki sokoni, alikuwa amechoka kuchekwa.

"Wenzangu wasema mke wangu kawa mhunzi," alimwambia. "Sasa fanya hivi: kisu kimoja mpelekee Mzee Kificho. Akikikubali, endelea na mambo yako. Akikikataa, urudi kushona magauni kama wenzio."

Mzee Kificho alikuwa mchinjaji. Hakuna harusi wala hitima mtaani iliyopikwa nyama bila mkono wake, na wauza nyama wote walimtazama yeye: kisu akishikacho ndicho kisu. Nusaiba alikubali sharti palepale. Alikuwa na kiburi kidogo, tusimfiche, na kiburi chake kilikuwa na haki.

Akaukamata mpini mmoja akaufanyia kazi hasa. Alianza na msasa wa maji ulio mkali, akaja na laini, akaja na laini zaidi, akiunyeshea maji kila mara maana titaniamu ikipata moto hubadilika rangi ikawa ya buluu na manjano kama mafuta yaliyomwagika barabarani. Mwisho akaupeleka kwenye gurudumu kwa dawa ya kung'arishia, akakanyaga mpaka miguu ikafa ganzi. Mpini ukatoka unang'aa, ukiutazama wajiona meno. Alifurahi hata akausahau wali jikoni.

Akampelekea habari Mzee Kificho, naye akaja kuutazama. Aliugeuza, akaguna, kisha akaomba maji na sabuni. Akalowanisha mkono, akaushika mpini, akaubana. Kisu kikamponyoka, kikaanguka sakafuni.

"Nzuri kweli, mwanangu," alisema kwa upole. "Lakini nkono wangu kazini una damu na mafuta. Hichi ntajikata mie kabla sijanchinja ng'ombe."

Akaenda zake. Mgeni, aliyekuwa mlangoni, akageuka akakitazama kile kichwa cha cherehani juu ya kabati, na kule kutazama kulimuuma Nusaiba kuliko maneno. Alilia kidogo, akajipangusa, akaingia jikoni kukata bamia za mchana.

Kisu cha jikoni siku hiyo kilikuwa kimojawapo cha vyake, ambacho hakukimaliza, kimepigwa msasa wa kati tu. Vidole vyake vilijaa utelezi wa bamia, na mpini haukusogea. Akakata bamia ya pili, ya tatu, kisha akaacha kukata akawa anaubana mpini tu, anauachia, anaubana. Palikuwa na vimistari vidogo, havionekani ila kwa kuinamisha, na kila kimoja kilimshika ngozi.

Alirudi kibarazani, akauchukua ule mpini wa kujionea meno, na akaanza kuuharibu. Hakuna fundi apendaye kazi hiyo. Kila alipopitisha msasa kwa mapana ya mpini, mng'ao ulikufa mbele ya macho yake, na moyo ukamwuma kama anamkata mtoto nywele nzuri. Lakini hakuacha. Akaupaka ute wa bamia, akaubana; ukakaa.

Siku ya harusi ya binti wa Bi Mwatima, jirani yao, alimpelekea Mzee Kificho kisu alfajiri. "Kijaribu kwanza kwa sabuni, babu," alisema. Mzee akakijaribu, akamtazama usoni, akakiacha cha zamani mkobani.

Wanaume walikwenda uani kwa ng'ombe, Mgeni miongoni mwao. Nusaiba alibaki na wanawake wanaomenya vitunguu, na masikio yote yapo huko nje. Alisikia bismillahi, akasikia kwato zikipiga chini, kisha kimya, kisha sauti ya Mzee Kificho, ambaye hajulikani kwa kusifu: "Nani alosema huyu si fundi?" Bi Mwatima akapiga kigelegele kabla hajauliza kisa.

Alasiri Mgeni alirudi nyumbani na kikapu cha samaki, lakini ndani hamkuwa na samaki. Kilijaa visu vya watu, vya wauza nyama, vya wavuvi, vyote vina mipini iliyooza.

"Niliwaambia mke wangu ndiye fundi," alisema, akikitua. "Na hichi changu, kianze hichi."

Nusaiba hakuinua uso kutoka kwenye gurudumu.

"Kiweke chini kabisa," alisema. "Zamu yako ikifika, ntakwita."