Taulo ya Misri ya Askofu Ruphin

Marcelline alikuwa amesuka nywele Yeoville, mtaa wa wahamiaji, kwa miaka mingi bila kuogopa kichwa cha mtu yeyote. Alishasuka mabibi harusi waliokuwa wanalia, wanawake waliolala usingizi wakakoroma, na mama mmoja aliyegombana na wifi yake kwenye simu tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho, huku anageuza shingo kila alipotukanwa. Lakini Jumapili ile, aliposimama katikati ya kikao cha protokoli kanisani na kusema, "Safari hii Askofu Ruphin alale kwangu," alikuwa ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Kanisa lao lilikuwa karakana ya zamani ya magari, karibu na maduka ya Fordsburg. Madoa ya oili yalikuwa bado sakafuni, chini ya zulia jekundu. Protokoli ndicho kikundi kilichopokea wageni: suti nyeusi, tai nyekundu, na kila mmoja ana waya sikioni kama mlinzi wa rais. Waya wenyewe haukuunganishwa na kitu chochote. Ulikuwa waya wa heshima.

Tangu kanisa lianze, kila mgeni alilala kwa Mama Victoire, aliyekuwa na nyumba kubwa upande wa Sandton, kwa matajiri.

"Mama Sagesse," Victoire akaanza, akimwita kwa jina la mtoto wake, kwa ile huruma inayouma kuliko tusi, "kwako iko chumba ngapi?"

"Viwili."

"Na bafu iko ndani?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nyumba ao ndani ya jengo?"

Watu wakacheka huku wanatazama viatu vyao.

"Ndani ya nyumba, Mama Victoire. Na mlango unafungwa."

Pitchou, mkuu wa protokoli, alikuwa mtu asiyeweza kukaa karibu na ugomvi bila kutokwa jasho. Alikata shauri haraka ili apumue: Askofu atalala kwa Marcelline Ijumaa, semina ya kanisa itakapoanza. Ikionekana kasoro yoyote, Jumamosi anahamia kwa Mama Victoire mpaka semina iishe. Isipoonekana, anabaki.

Mambo yalikuwa yamefika hapo. Mwanamke aliyevuka nchi tatu na mtoto mgongoni, akajijengea maisha kwa chanuo na vidole vyake, sasa anawekwa kwenye majaribio kama friji la mtumba. Nani aliamua kwamba mtu anayejua kukaribisha mgeni lazima awe na geti linalojifungua lenyewe? Marcelline hakuwa na muda wa kuuliza hayo. Alikuwa na nyumba ya kukagua.

Godoro lilifaa. Sufuria zilifaa. Mapazia yalifaa, usipoyasogeza. Kisha akafungua kabati la taulo, akakaa chini.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha mkono akamsalimia jirani. Ya pili ilitoka saluni, na rangi za nywele za wateja zilikuwa zimeichora ramani ya dunia. Ya tatu, ya kijani, ilikuwa ya mumewe Damien. Ukiiinua dirishani ulikuwa unaona magari yakipita barabarani.

"Mimi inanifutaka vizuri," Damien akaitetea. Alikuwa mlinzi wa usiku, na alikuwa na tabia ya kulinda kila kitu.

"Wewe si Askofu."

"Mwili ni mwili."

"Damien, Mama Victoire atakuja kumsalimia mgeni. Ataomba kunawa mikono. Ataingia bafuni, ataona taulo, ataipindua, atasoma lebo."

Damien akaikunja taulo yake taratibu, akairudisha kabatini kama anayezika.

Basi Marcelline akaenda Fordsburg. Katika duka moja la vitambaa alimkuta muuzaji kijana wa Kizanzibari anayeitwa Ameir, mwenye Kiswahili kitamu kiasi kwamba watu walinunua mito ambayo hawakuikusudia. Ameir akamshushia pakiti kutoka rafu ya juu. Ndani ya plastiki, taulo ilikuwa nyeupe kama maziwa, nzito kama mtoto aliyelala. Lebo yake ilikuwa na herufi za dhahabu.

"Hii mama, pamba ya Misri. Ukijifuta na hii, ukitoka bafuni watu wanakuamkia shikamoo."

"Na ju ya nini bei iko hivi? Hii ni taulo ao ni ng'ombe?"

"Uzi wake mrefu, mama."

"Uzi najua, mimi nasuka. Inakausha?"

"Inakausha!"

"Leta maji nijaribu."

"Mama wee! Taulo haijaribiwi dukani. Kwani ukinunua godoro, unalala pale pale?"

"Ndiyo. Mimi na bwana yangu tulilala. Mwenye duka alituamsha."

Ameir akamtazama ili ajue kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akashusha taulo ya maonyesho kutoka ukutani, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akadondosha tone moja kwenye pembe. Tone likakaa juu ya pamba, duara, linang'aa, halina mpango wa kwenda popote.

"Haitaki maji!" Marcelline akapiga kelele, na wateja wawili wakageuka. "Taulo yenye inaogopa maji! Ni kama mlinzi mwenye anaogopa giza!"

"Bado mpya, mama, ina mafuta ya kiwandani. Ifue kwanza mara mbili tatu. Baada ya hapo itakunywa maji kama ngamia."

Marcelline akatoka. Akafika kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawaka kijani, hakuvuka. Alikuwa anaona vidole vya Mama Victoire vinapindua taulo ya saluni. Akarudi. Akaishika tena, akaiweka shavuni, akatoka tena. Aliporudi mara ya tatu, kumwambia kwamba kikao cha kanisa lazima kiione kwanza, Ameir alikuwa amekwisha kuishusha.

"Mama, taulo hii sasa inakujua kwa jina. Ichukue. Wenzako wakiikataa, irudishe nikupe pesa zako. Lakini pakiti isifunguliwe. Ikifunguliwa, mmeoana."

Kwa hiyo taulo ilifika kwenye kikao cha protokoli cha Jumatano ikiwa ndani ya plastiki yake, ikawekwa mezani, na wote wakasimama kuitazama. Mama Victoire alifanya lile lililotabiriwa. Akaipindua, akasoma.

"Misri," akasema.

"Pamba ya Misri," Marcelline akasema.

"Misri! Nyumba ya utumwa! Wana wa Israeli walichapwa fimbo kule, wakafyatua matofali, Mungu akawatoa kwa mapigo kumi. Leo sisi tumfute mtumishi wake na Misri?"

Pitchou akaanza kutokwa jasho. Hapo shemasi mmoja mzee akakohoa. "Lakini, Mama Victoire, Herode alipotaka kumuua mtoto, Yusufu na Maria walikimbilia wapi? Likasi kwetu?"

"Walikimbilia Misri. Hawakununua taulo!"

"Mtoto mchanga yule. Unafikiri walimkausha na upepo?"

"Na Musa!" akadakia mwingine. "Musa alitolewa mtoni na binti wa Farao, amelowa. Alifutwa na nini kama si pamba ya Misri?"

"Hakulowa! Kisafina kilipakwa lami. Soma Kutoka!"

"Lami ilikuwa nje. Na mtoto wa miezi mitatu, mama, analowa toka ndani."

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Mama Victoire, aliyelea watano, akairudisha taulo mezani. Mjadala ulizunguka ukapita kwa Yusufu mwana wa Yakobo, aliyevikwa kitani kule kule Misri na asilalamike. Mwishowe Pitchou akaamua, huku anajifuta paji la uso kwa tai: taulo isirudishwe dukani, ila kwanza iombewe, ili kama kuna Farao yeyote ndani ya uzi, atoke.

Wakanyoosha mikono, wote, na waya zao masikioni, wakaiombea taulo ikiwa ndani ya plastiki. Waliomba kwa nguvu. Shemasi akaomba kwa Kifaransa pia, kwa sababu Farao wa aina ile haitwi kwa lugha moja. Marcelline alilia kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kitu cha nyumbani kwake kuwekwa juu ya meza ile.

Alhamisi, Damien akachukua beseni. "Muuzaji alisema ifuliwe."

"Unataka kufua maombi?"

"Alisema mara mbili tatu."

"Damien! Watu kumi na wawili wameweka mikono. Uyatie sabuni, uyakamue, uyamwage kwenye sinki? Na tena mgeni haonyeshwi kitu kilichofunguliwa. Lazima asikie plastiki inapasuka, ajue ni yeye wa kwanza."

Damien akarudisha beseni. Alilinda maghala usiku kucha na hakumwogopa mwizi, lakini hakuwa tayari kuonekana mtu aliyefua maombi.

Askofu Ruphin akafika kutoka Bukavu Ijumaa, mtu mnene, mchangamfu, mwenye ndevu nyeusi zilizojaa kama kichaka. Alikula sombe ya majani ya muhogo mara mbili, akalala bila kuulizia ukubwa wa chumba. Jumamosi asubuhi maji ya mtaa yalikuwa yamekatika, kama kawaida, na Marcelline akamwekea ndoo ya maji moto. Kisha akaja na pakiti, akaipasua mbele yake, prraa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Jifute, baba. Ni yako."

Askofu akaingia bafuni anaimba. Wakasikia kopo, maji, na ubeti wa pili. Kisha wimbo ukakatika. Kisha chafya. Kisha chafya nyingine, na kishindo cha mtu mnene anayejizungusha mahali padogo.

"Baba Askofu, kila kitu iko sawa?" Damien akauliza mlangoni.

"Sawa, papa. Napigana kidogo."

Taulo haikuwa imekausha kitu. Iliyachukua maji ya mgongoni ikayahamishia tumboni, ya tumboni ikayarudisha mgongoni, na kila ilipopita iliacha manyoya meupe ya pamba. Askofu, kwa kuwa alikuwa na haraka, alijipaka mafuta juu ya unyevu ule, akavaa suti yake nyeusi. Aliingia na ndevu nyeusi, akatoka Père Noël, yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe.

Marcelline akakimbilia chanuo. Alichana ndevu zile kama hajawahi kuchana kichwa maishani. Lakini manyoya yalikuwa yameingia shingoni, masikioni, kwenye kola, na nje honi ya Pitchou ilikuwa inalia. Hapakuwa na muda. Askofu akaenda kanisani vile vile, kama kifaranga kilichotoka sasa hivi kwenye yai.

Akahubiri vizuri, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Kila alipopaza sauti alinyoosha mikono, na kila aliponyoosha mikono, wingu jeupe lilimtoka likapaa chini ya taa.

"Utukufu unashuka!" mama mmoja wa mstari wa mbele akapiga kelele. "Manyoya ya malaika!" Watu wakasimama na viganja wazi kuyapokea. Mmoja alidaka nyoya, akaliweka ndani ya Biblia.

Mama Victoire hakusimama. Aliinama, akaokota moja kwenye zulia, akalisokota kati ya vidole viwili.

"Pamba," akasema. "Misri."

Ibada ilipokwisha, gari la Mama Victoire lilikuwa mlangoni, buti wazi, na sanduku la Askofu lilikuwa limekwisha kuwekwa ndani. Alikuwa ametuma kijana wa protokoli akalichukue, na Damien, akidhani Askofu anataka koti jingine, alilitoa kwa mikono yake. Sasa Damien alisimama pembeni, hatazami mtu.

"Pole kwa aibu, Baba Askofu," Victoire akasema. "Twende. Kwangu iko taulo sita."

"Zile zimepangwa juu ya kiti, zimefungwa utepe?"

"Ndizo! Unazikumbuka?"

"Nazikumbuka sana. Mwaka jana nilikaa nazo wiki nzima." Askofu akaokota nyoya sikioni. "Sikuzigusa, mama. Niliogopa nikifungua utepe ule sitaweza kuufunga tena vile. Nilijifuta na fulana yangu. Kila asubuhi. Nilirudi Bukavu na kikohozi."

Watu wa protokoli wote wakashika waya zao, kama vile kuna habari muhimu inaingia.

"Na ya Mama Sagesse je?" Victoire akauliza, sauti imepanda.

"Ile mbaya kabisa," akasema Askofu. Alikuwa mtu mkweli. "Haifuti. Imenivalisha koti."

Pitchou akajifuta jasho. "Basi kasoro ipo, na tulikubaliana..."

Marcelline akawapita wote. Akaingiza mikono ndani ya buti, akalitoa sanduku, akalitua chini na kusimama nyuma yake.

"Kasoro iko," akasema, na safari hii hakushikilia kiti. "Naikubali mbele ya watu. Ni ya taulo. Nyumba yangu haina kasoro. Baba amekula, amelala, ameimba. Mniambie ni nani amelalamika."

Victoire akamtazama Askofu, akafunga buti la gari lake.

"Leo baba atatumia taulo ya Damien," Marcelline akaendelea.

"Na mimi?" Damien akauliza.

"Wewe utajifuta na Misri."

Askofu akainama, akashika sanduku lake. "Hiyo ya Papa Damien, ina utepe?"

"Haina hata uzi wa kutosha, baba."

"Basi twende," akasema Askofu, akapiga chafya, akatangulia.