Mwizi Niliyemwazima kwa Jirani

Siku ile ya soko naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyosikia watu wazima wakilitaja kwa kelele jina la jirani yangu, nami nikacheka pamoja nao.

Umeniambia unaandika hadithi za upelelezi, moja baada ya nyingine, za mji huu huu wetu, na umekuja kuniuliza Arusha ya zamani ilikuwaje. Nitakueleza. Lakini kaa vizuri, maana na mimi niliwahi kuifanya kazi hiyo hiyo, kabla hata mama yako hajazaliwa.

Wakati huo alikuwa anatawala Mjerumani. Reli ilikuwa imefika Moshi ikaishia pale, na biashara nayo ikaishia pale. Huku kwetu kulikuwa na boma, barabara moja ya maduka, na magari ya maksai yaliyotimua vumbi kutwa. Wenye maduka walikuwa wanafunga mmoja mmoja, wanahamia Moshi. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, nimesoma shule ya misheni Nkoaranga, nimeshuka mjini kukaa na kaka yangu Yona na kushona nguo. Jioni nikiweka sindano chini, nilikuwa naandika kwenye daftari.

Nilimtunga askari mstaafu, nikamwita Bwana Tazama. Mguu mmoja mbovu, macho mazima. Kengele imepotea, yeye anaipata. Mbuzi wa harusi ametoweka, yeye anajua nani kashiba. Kila siku ya soko Yona alikuwa anasimama barazani kwa Mzee Karimu, muuza nguo kutoka Pangani, anasoma sura moja. Watu walikuja kusikiliza na mizigo yao kichwani, ndizi, maziwa, magadi, na wakishakuja wananunua na vitambaa. Mzee Karimu akasema hahamii tena Moshi. Nilijivuna, sikufichi! Ila hakuna aliyejua kwamba mwandishi ni mimi. Wote walidhani ni Yona. Niliona aibu, mwanamke kusimama mbele ya soko zima. Na kwa kweli, kujificha kulinifaa.

Ilipofika sura ya sita, nikakwama. Nilikuwa na wizi mzuri sana, kamba za ngozi za kufungia maksai, lakini sikuwa na mwizi. Soko ni kesho. Basi nikachungulia dirishani, nikamwona jirani yetu Loishiye, fundi wa ngozi, Mwarusha mrefu mpole, amekaa nje na kazi yake. Loishiye alikuwa na tabia moja: hanunui ngozi mpaka ainuse, mbele na nyuma, amefumba macho kama anayesali. Nikaichukua tabia ile nikampa mwizi wangu. Sikumpa jina. Nikajiambia, bila jina hakuna kosa.

Yona alipofika pale mwizi anaponusa kamba kabla ya kuiba, soko zima lilipasuka. "Loishiye! Ni Loishiye!" Watu walishika mbavu. Na mimi, nimekaa nyuma na kikapu changu, nilicheka mpaka machozi. Loishiye mwenyewe hakuwapo.

Siku tatu baadaye mkulima mmoja Kaburu, aliyelaza magari yake karibu na mto Themi, akaamka akakuta kamba zake za ngozi hazipo. Vilevile kama kwenye hadithi! Unadhani watu walifikiri mara mbili? Asubuhi ile ile askari walimchukua Loishiye kutoka kwenye kigoda chake. Mkewe alikuwa anawafuata nyuma ameshika kibuyu cha maziwa, anasema, "Hajala. Mwacheni kwanza ale." Ilisemekana kesho yake atachapwa viboko, ishirini na tano, mbele ya watu.

Nilikimbilia kwa Mzee Karimu. Yeye alikuwa anapima kitambaa, wala hakuinua kichwa.

"Mwizi wako wa sura ya sita, binti yangu, ulimtoa wapi?"

Kumbe alijua siku zote. "Shikamoo, mzee," nikasema, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

"Marahaba. Nimekuuliza, ulimtoa wapi?"

"Dirishani."

Hapo ndipo akaniangalia. "Ulipokosa kengele, uliitunga. Ulipokosa mbuzi, ulimtunga. Ulipokosa mwizi, ukaenda kumchukua mtu wa watu aliyekaa kwake. Huo ni uvivu, si utunzi. Na uvivu wako kesho utalipiwa na mgongo wa mwingine. Nenda bomani ukaseme."

Nilikwenda, mwanangu. Shaushi, mkubwa wa wale askari, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa sura kavu kabisa, "Huyu Bwana Tazama anakaa wapi? Mleteni atoe ushahidi." Nikamwambia hayupo, nimemtunga. "Na mwizi anayenusa?" Nikamwambia naye nimemtunga. "Na kamba za mkulima?" Hizo, nikasema, sijui, hizo zimepotea kweli. Karani wake alikuwa amejiziba mdomo kwa karatasi, mabega yanamtikisika.

Lakini shaushi alikuwa mtu wa haki. Alisema kama ushahidi wenyewe ni hadithi, basi twende tukaangalie. Tukashuka mtoni. Vipande vya kamba vilikuwa bado vinaning'inia kwenye nira, na ncha zake hazikukatwa kwa kisu, zilitafunwa. Hatua chache kwenye majani kulikuwa na nyayo, na kinyesi cheupe kama chokaa chenye mabaki ya ngozi. Shaushi alikivunja kwa fimbo, akasonya.

"Fisi," akasema. "Huyu simchapi mimi."

Loishiye akaachiwa mchana ule. Nilikwenda kwake nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu. Aliniinua kwanza.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini wanangu huko njiani wanaitwa watoto wa mnusaji. Msamaha wangu hautawafikia wale wanaowaita. Waliocheka walicheka sokoni. Kaseme sokoni. Wewe mwenyewe, siyo kaka yako."

Basi siku ya soko iliyofuata nilisimama barazani. Nilisema daftari ni langu, mwizi wa sura ya sita nilimwiba kwa jirani yangu, na mwizi wa kamba ana miguu minne. Watu wakatazamana. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini nikafungua sura ya saba nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye gari la maksai, mtu akanikatiza kutoka nyuma. Alikuwa Loishiye, amesimama na wanawe wawili.

"Kamba ya nira haifungwi hivyo!" akasema. "Soma tena, nikurekebishe."

Watu wakaangua kicheko, na safari hii Loishiye alicheka kuliko wote. Tangu siku ile hakuna sura iliyosomwa kabla yeye hajaisikia. Aligombana na Bwana Tazama kama mtu anayegombana na shemeji yake.

Kwa hiyo mwanangu, andika. Andika wezi kadiri unavyotaka, mji mdogo wenye shida unahitaji kitu cha kusubiri kila wiki, na kicheko ni riziki. Lakini mkosaji wako mtunge mwenyewe, hata ikikuchukua mwezi. Usimchukue mtu mzima mzima kwa sababu amekaa karibu na dirisha lako. Usidhani kuficha jina kunatosha, watu wanamjua mtu kwa namna anavyokohoa. Jina lako wewe ndilo usilifiche, ili mwenye lalamiko ajue mlango wa kubisha. Na ukikosea mbele ya watu, usiende kuomba radhi uani.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kuona haya. Kalamu yako isimlize asiye na kosa, na wale utakaowaandika wafurahi kukuona ukipita mlangoni kwao. Sasa lete hilo daftari, unisomee.