Damu Kwenye Uti wa Mgongo

Shemeji yangu Nichifor alikuwa na sheria zake majini, na hakumwomba mtu yeyote azifuate mpaka mwaka ule. Nyavu zake zilikuwa za matundu mapana. Akinasa jike lililojaa mayai, alilirudisha mtoni hata kama nyumbani sufuria ilikuwa tupu. Samaki wa kuliwa alimpiga kigongo kichwani papo hapo, asimwache akitapatapa ndani ya mtumbwi. "Uhai wake unautaka, sawa," alizoea kusema. "Mateso yake unayatakia nini?" Hapa kwetu kwenye delta ya mto Danube, ambako kila nyumba ina mtumbwi mlangoni, tulimheshimu kwa hilo, na kidogo tulimcheka.

Mwisho wa majira ya baridi, barafu ilipoyeyuka, samaki wachanga wakaanza kuelea matumbo juu kwenye mifereji nyuma ya matete. Nichifor aliwaokota, akawapasua kwa kisu mbele yangu na dada yangu Ustinia, mkewe. Kandokando ya uti wa mgongo damu ilikuwa imevilia, nyeusi, na mfupa wenyewe umevunjika.

"Umeme," alisema. "Kuna mtu anatia nyaya za betri majini. Mkubwa anazimia, anaokotwa. Hawa wadogo wanakufa bure, na mayai yanaungua humohumo."

Tangu siku hiyo hakumwamini mtu. Alichungulia mitumbwi ya watu. Aliwauliza wanawake wamepika nini, na samaki katoka wapi. Ustinia alichoka.

"Jana umemuuliza bibi Fevronia betri ya trekta iko wapi. Bibi wa miaka themanini, Nichifor!"

"Ana wajukuu," akajibu.

Hatimaye jicho lake lilitua kwa Terente, kijana wa miaka thelathini aliyenyoa ndevu, jambo ambalo wazee wa dini yetu hawalipendi. Terente alikuwa na injini mpya, na alirudi na kambale siku ambazo wengine walirudi na maji kwenye viatu. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Nichifor akamsimamisha njiani.

"Terente, injini umeitoa wapi?"

"Dukani. Wewe yako uliiokota?"

"Na hao kambale wanakuja wenyewe wakisikia jina lako?"

"Mzee Nichifor, sema unachotaka kusema."

"Nasema unaua kwa umeme. Nasema mbele ya watu hawa wote."

Terente aliwatazama watu. Hakuna aliyemtetea, nami sikumtetea. Wiki hiyo mnunuzi wetu akakataa samaki wake, na kabla mwezi haujaisha kijana alikwenda mjini Tulcea kubeba magunia bandarini.

Ila samaki waliendelea kuelea. "Amemwachia mwenzake nyaya," Nichifor akasema. Nilimwona anavyosema, kama mtu anayesukuma mlango uliokwisha kufungwa.

Jumapili ya Matawi, siku ambayo mfungo unaturuhusu samaki, tulialikwa kwa Zahar. Huyu Zahar ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Nichifor, kwa hiyo walikuwa wakiitana kumu, na kwetu kumu ni zaidi ya ndugu. Isitoshe, ndiye aliyemfundisha Nichifor kusuka wavu. Mke wa Zahar alikuwa ameumia mkono, akamwomba Nichifor akate kambale wa supu. Mimi nilikuwa pembeni namenya viazi.

Kisu kikasimama. Nikatazama ubaoni: damu nyeusi, mfupa umekatika.

"Kumu," Nichifor akaita taratibu. "Njoo."

Zahar akaja, akatazama, hakujisumbua kukana. "Sasa?"

"Wewe?"

"Mimi. Mgongo wangu hauvuti tena nyavu. Na usinitolee macho hayo. Samaki wako anahangaika wavuni usiku kucha. Wangu hajui hata kilichompata. Nani mkatili hapo?"

Nichifor aliweka kisu chini. Nadhani swali lilimwingia, maana alikuwa mtu wa haki. "Kwa huyu mmoja, labda mkatili ni mimi," akasema. "Lakini wangu ni mmoja. Wewe unaua hata wale ambao hutawahi kuwala. Na ulikuwa umesimama pale kanisani nilipomtukana Terente."

"Hukuniuliza."

"Zipeleke betri mwenyewe kwa walinzi wa mto. Nakupa mpaka kesho mchana."

"Utamshtaki kumu wako kwa ajili ya vidagaa?"

Hatukula. Kesho yake mchana Nichifor alipanda mtumbwi, akaenda kwa walinzi. Betri mbili zilikutwa chini ya majani makavu ya ng'ombe, na Zahar akanyang'anywa leseni.

Kisha akamfuata Terente Tulcea. Kijana alimsikiliza akiwa na gunia begani.

"Ulinisema mbele ya kanisa," akamwambia. "Niombe radhi palepale. Si hapa, ambapo hatujulikani."

Jumapili ya Pasaka, Nichifor alivua kofia mbele ya wote, akasema amekosea na amemdhulumu mtu. Terente akaitikia kwa kichwa tu, lakini alirudi kijijini, na mnunuzi akampokea.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kumbe watu wakaanza kumwogopa Nichifor. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. "Leo kumu wake, kesho mimi," walinong'ona. Waliokuwa wakimsaidia kusukuma mtumbwi wakawa na haraka ya kwenda kwingine. Binti yake alimpelekea Zahar yai jekundu la Pasaka, mlango haukufunguliwa.

Kiangazi mifereji ikajaa vifaranga vya samaki, vinameta kama sindano. Nichifor akaniita nikaone. Tulisimama ukingoni, akaniuliza ghafla bila kunitazama:

"Shemeji, nawe unaniogopa?"

"Mimi? Nikuogopee nini?"

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, au alijifanya. Sikumwambia kwamba jioni ya siku ile walinzi walipokuja kwa Zahar, mume wangu na mimi tuliutoa darini wavu wetu wa matundu madogo, ule unaokatazwa, tukauchoma nyuma ya nyumba, na kwamba mume wangu anasema mpaka leo kwamba haikuwa lazima.